Utafiti wa kitabu ninao, kuandika kunanishinda: wenzangu mnapangaje siku zenu?

Mwalimu wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalaamu alaykum ndugu waandishi.

Ninaandika kitabu kuhusu mafundi wa vyombo vya baharini wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, na nimekuja kuomba ushauri kuhusu jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu kaskazi iliyopita. Mazungumzo na wazee nimeyafanya, mengine nimeyarekodi kwa simu na mengine nimeyanukuu katika madaftari. Picha ninazo, majina ya zana ninayo kuanzia tezo hadi keekee, na mpangilio wa sura nilishauandika. Kilichobaki ni kuketi na kuandika, na hapo ndipo ninapokwama.

Niwaeleze jinsi asubuhi inavyopita, kwa sababu nadhani tatizo limo humo. Baada ya swala ya alfajiri na kabla ya kwenda shuleni napata karibu saa moja ambayo hakuna anayenihitaji. Nafungua kompyuta kwa nia ya kuendelea na sura ya tatu, inayoeleza kulazwa kwa mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, lakini kabla ya kuandika hata sentensi moja najiambia kwamba ni vyema niipitie kwanza sura ya kwanza ili nishike mtiririko. Nabadilisha neno, nahamisha aya, nairudisha ilipokuwa. Kisha nakutana na jina la kipande cha mbao ambalo fundi mmoja alinitajia hivi na mwingine vile, nami naona si halali kuendelea kabla sijajua lipi ndilo. Natafuta katika rekodi, nasikiliza mazungumzo marefu yote kwa ajili ya neno moja, na saa ya shule inapofika sura ya tatu iko palepale nilipoiacha. Sura ya kwanza imeshapigwa msasa hata naweza kuisoma kwa moyo.

Jioni nazo zina mambo yake. Baada ya alasiri nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Baada ya magharibi huketi barazani na wenzangu, na sipendi kuambiwa niliache baraza, kwa sababu sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu vyombo niliyapata hapo. Baada ya isha mwili umechoka na simu ina ujumbe mwingi wa kujibiwa. Nilitumaini kwamba siku za mapumziko zingeniokoa, lakini nikiwa na siku nzima mikononi ndipo ninapofanya machache zaidi: napanga picha, nasafisha meza, na mara nyingi naamua kwenda tena Matondoni kumuuliza fundi swali moja, narudi jioni na rekodi mpya na kurasa zilezile.

Hakuna mchapishaji anayenisubiri wala tarehe niliyopewa. Wanaonisubiri ni wazee wenyewe, na umri wao haunipi nafasi ya kuchelewa. Jamaa yangu mmoja huniambia kwamba huu ni uvivu tu. Ningependa kusikia kutoka kwenu mnaoandika huku mkiwa na kazi na familia: je, ni uvivu kweli? Mnaanzaje, mnaachia wapi, na mnafanya nini siku ambayo kalamu inakataa?

Mhariri wa Malindi anajibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimehariri miswada kwa muda mrefu, na hali unayoieleza nimeikuta kwa waandishi wengi mno, wakiwemo wale ambao vitabu vyao vilitoka vikawa vizuri. Shutuma ya jamaa yako naikataa. Mvivu huikwepa kazi ili apumzike, ilhali wewe hupumziki: unaamka alfajiri, unasikiliza rekodi, unasafiri hadi Matondoni, unarudi umechoka. Kazi unaifanya, ila unaifanya pembeni mwa pale inapohitajika.

Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili waliokuwa wakifundisha katika vyuo vikuu vya Kanada, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walichapisha makala ambayo naona inakugusa moja kwa moja. Hoja yao ni kwamba mtu anapoahirisha jambo, mara nyingi hakosi ujuzi wa kupanga muda. Anachokikimbia ni hisia mbaya iliyofungamana na jambo lenyewe, kama vile wasiwasi, uchovu wa moyo au shaka juu ya uwezo wake. Akiligeuzia mgongo, hisia ile hupungua papo hapo, na nafuu hiyo ndogo ndiyo inayomvuta alikimbie tena kesho yake. Ndiyo maana ratiba peke yake haisaidii sana. Unaweza kuwa na saa yako ya alfajiri iliyolindwa vizuri na bado ukaitumia yote kutafuta nafuu.

Tazama sasa nafuu yako unaipata wapi. Sura ya kwanza imeshakuwa nzuri, kwa hiyo kuisoma kunakutuliza. Sura ya tatu haijawa kitu, na nadhani unajua moyoni kwa nini inatisha: mzee amekueleza kwa ulimi wake jambo lililokaa mikononi mwake tangu ujana, nawe unahisi kwamba sentensi yako ya kwanza haitafika hata nusu ya pale alipofika yeye. Hisia hiyo ni ya kweli. Sentensi ya kwanza haitafika. Kinachotakiwa ni uikubali iwe hivyo, kwa sababu hakuna njia ya kuipata sentensi ya tatu iliyo nzuri bila kupita kwenye ile ya kwanza iliyo mbovu.

Kwa vitendo, ningekushauri uitenge kabisa kazi ya kuandika na kazi ya kusahihisha, zisikutane katika saa moja. Fungua faili jipya lenye sura ya tatu pekee, na faili la sura ya kwanza ulihamishie mahali ambapo huwezi kulifikia kwa urahisi alfajiri. Ukikutana na jina lenye utata, weka nyota na uendelee, kwa mfano: «Mkuku ulilazwa juu ya magogo, fundi akavuta uzi kutoka * hadi nyuma, akainama na kuufuata kwa jicho moja.» Nyota hiyo inakaa badala ya jina usilokuwa na hakika nalo. Nyota zikishakuwa nyingi, unaenda Matondoni mara moja ukiwa na orodha yake, na safari hiyo itakuwa na manufaa kuliko safari ya swali moja moja. Utashangaa pia kwamba baadhi ya nyota zitajifuta zenyewe, kwa sababu aya iliyozihitaji utakuwa umeiondoa.

Kuhusu saa moja kabla ya kazi, usiidharau. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa shirika la posta kwa zaidi ya miaka 30, na vitabu vyake vingi aliviandika asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikaa mezani saa kumi na moja u nusu alfajiri, akiwa amemlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe bila kukosa. Aliiweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Linalokuhusu zaidi ni hili: naye alikuwa akisoma aliyoyaandika kabla ya kuendelea, lakini alisoma kazi ya jana tu, na kwa nusu saa tu. Alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameandika riwaya 47. Na tusiende mbali: Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na wa ofisi nyingine za serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na maandishi aliyotuachia hayakungoja astaafu.

Umeuliza mtu aachie wapi. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani ambaye mwaka 1934 alifika hapa kwetu Malindi kuvua samaki wakubwa, alieleza mara kadhaa kwamba alikuwa akiacha kuandika pale ambapo bado anajua kitakachofuata, ili kesho yake asianze akiwa mkono mtupu. Nimeujaribu utaratibu huu na waandishi wengi na sijaona unaoushinda. Wewe ukisikia saa ya shule inakaribia, usiimalize aya. Iache katikati, na chini yake andika mstari mmoja unaosema kinachokuja, kama «hapa mzee anasimulia jinsi baba yake alivyochagua mti». Kesho alfajiri utakuta mlango umekwisha kufunguliwa, na hamu ya kurudi sura ya kwanza itakuwa na nguvu ndogo.

Siku za mapumziko usizitegemee. Wako watu wanaokodi nyumba huku pwani kwa nia ya kumaliza riwaya kwa mwezi mmoja, na kwa maoni yangu siku nyingi wanazimalizia katika kuuogopa ukubwa wa muda waliojipatia. Kwa mtu asiyezoea kuandika kila siku, siku nzima ni mzigo. Ipe siku ya mapumziko kazi ya nyota, ya picha na ya kusahihisha, na alfajiri ziachie sura ya tatu.

Bint Mkomani (Lamu) anajibu:

Mwalimu, pole na kazi. Kaka Mhariri amesema mengi ambayo nayakubali, hasa hilo la nyota, lakini naomba niseme kwa upande wa sisi ambao alfajiri si yetu. Nyumbani kwangu alfajiri ni ya chai, ya mahamri, ya kuwaamsha watoto na kuwatafutia sare, na mfano wa bwana aliyemlipa mtu amwamshe haunisaidii, kwa kuwa anayeamsha wenzake ni mimi. Nimesoma ushauri mwingi wa waandishi unaoanza na chumba kilichofungwa na ukimya, na mwanamke mwenye nyumba akiufuata ushauri huo atakaa miaka bila kuandika, akiamini kwamba hali bado haijamruhusu.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa ameshikwa na maradhi kwa mwaka mzima, na katika beti za mwanzo anamwita mtoto asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Alikuwa mjane, alikuwa mgonjwa, naye hakungoja apone. Kila ninapojikuta nikisema nitaandika mambo yakitulia, humkumbuka yeye, na nasema hivi kwa dhati kwa sababu mfano wake umenisaidia kuliko kanuni yoyote ya kupanga saa.

Mimi hutunga tenzi na hadithi fupi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne hubeba kina kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Umbo hilo mtu anaweza kulishika kichwani bila karatasi, na ndivyo ninavyofanya. Mikono ikiwa inakuna nazi au inachambua mchele, kichwa kinahesabu mizani. Ubeti ukikaa sawa naurudia kwa sauti hadi uzoeane na ulimi, kisha usiku nauandika. Kwa hiyo nikifika kwenye daftari siwi na ukurasa mtupu. Nina kitu cha kuweka, kazi ni kukinakili na kukikosoa. Wakati wa kutunga na wakati wa kuandika nimeutenganisha, na kila mmoja nimeupa saa inayoufaa katika nyumba iliyojaa watu.

Unaweza kuuliza kwamba hilo ni la mashairi, na wewe unaandika nathari. Jaribu hivi. Umesema baraza ndilo lililokupa habari, nami sina shaka kwamba ukiwa barazani unaeleza habari za mkuku vizuri sana bila kukwama. Basi chukua simu, iweke katika hali ya ndege ili asikuingilie mtu, uisimulie sura ya tatu kana kwamba unamsimulia mgeni wa barazani ambaye hajawahi kuona jahazi likiundwa. Usisimame kurekebisha. Ukimaliza, sikiliza na uandike ulichosema. Woga aliouzungumzia Mhariri, ule wa sentensi ya kwanza kuwa dhaifu mbele ya maneno ya mzee, huwa hauji mtu anapozungumza. Huja anapoona ukurasa mweupe.

Jambo la mwisho ni kuwaambia watu wa nyumbani waziwazi. Kwa muda mrefu nilidhani kusema kwamba ninaandika ni kujikweza, hivyo kila aliyeniita nilimwitikia. Sasa mama mkwe wangu anajua kwamba kati ya alasiri na magharibi, watoto wakiwa chuoni (madrasa), kuna nusu saa ambayo wageni atawapokea yeye. Katika Ramadhani tunaihamishia baada ya tarawehe, na nyumba yote inajua. Mwalimu, wewe una mlango uliofungwa tayari, nakuomba uutumie.

Mkaazi wa Mambrui anajibu:

Simu unayoandikia ujumbe isilale chumba kimoja na meza ya kuandikia. Iache ikichajiwa sebuleni tangu isha, na uamkie saa ya kawaida ya mezani. Kama utafuata ushauri wa Bint Mkomani wa kusimulia kwa sauti, tumia simu ya pili isiyo na laini ikiwa unaweza kuipata. Alfajiri ujumbe mmoja tu ukishasomwa, nusu ya saa yako imekwenda, hata kama umeujibu kwa maneno mawili.

Mwana wa Shela (Lamu) anajibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Kila ucheleweshaji unaoonekana kwa mwandishi si wa kulaumiwa, na mtu anayeandika habari za ufundi unaobebwa na wazee wachache ana haki ya kurudi kuuliza. Jahazi linaundwa kwa macho na mikono, michoro hutumika mara chache, na fundi akifariki pamoja na maelezo yake hakuna karatasi itakayotuambia alikuwa akikadiria vipi mkunjo wa taruma, yaani mbavu za chombo. Kwa hiyo nisingependa Mwalimu aache kwenda Matondoni kwa sababu tu ameambiwa safari hizo ni njia ya kukwepa.

Kipimo ninachotumia katika uandishi wangu wa makala ni kuuliza swali limetoka wapi. Likiwa limetoka katika ukurasa niliokuwa nikiuandika, yaani nimeandika hadi nikafika mahali ambapo bila jibu siwezi kuvuka, basi safari ni sehemu ya uandishi. Likiwa limenijia kabla sijaandika chochote siku hiyo, huliandika daftarini na kuliacha lisubiri. Swali la aina ya pili halina mwisho. Ukilijibu huzaa jingine, na mtu anaweza kuzeeka akiwa mtafiti wa kitabu ambacho hakipo. Ukilifuata hili, safari zako hazitakoma, ila zitapungua zenyewe, na kila moja itakuwa na sababu unayoweza kumweleza fundi anayekupa muda wake.

Ningependa kulikazia zaidi suala la kutokuwa na anayekusubiri, kwa sababu naona wenzangu wamelipita. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio ambalo ndani yake watu walilipwa kusahihisha maandishi matatu kwa muda wa wiki tatu. Kundi moja lilipewa tarehe ya kila wiki, kundi la pili lilijipangia tarehe lenyewe, na kundi la tatu liliambiwa lirudishe yote mwishoni. Waliopewa tarehe ya kila wiki ndio waliogundua makosa mengi zaidi, wakafuatiwa na waliojipangia, na walioachiwa hadi mwisho ndio waliofanya vibaya kuliko wote. Kwa mwandishi asiye na mchapishaji maana yake ni nzito: wewe uko katika hali mbaya kuliko hata lile kundi la mwisho, kwa kuwa huna hata huo mwisho.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa hati na mchonga mbao wa hapa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa hati nzuri za Kiarabu, na nyingi kati ya nakala hizo alikuwa ameagizwa na watu waliokuwa wakizisubiri, wakiwemo wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens. Sidai kwamba bila wao asingeandika, kwa maana alikuwa mtu wa sanaa nyingi. Lakini kazi yenye mtu anayeingoja upande wa pili hupata nafasi katika siku, na kazi isiyo na mtu hubaki ikiombea nafasi.

Tafuta mtu mmoja. Asiwe mtu wa kukusifu, na asiwe mtaalamu atakayekutia hofu. Awe msomaji mwaminifu ambaye utampelekea kurasa kila Alhamisi, ziwe nzuri au mbaya. Hata mmoja wa wazee hao wa Matondoni angefaa, akisomewa na mjukuu wake. Atakuambia palipo na kosa la ufundi papo hapo, na wewe utakuwa umemlipa sehemu ya deni lako kwake kabla kitabu hakijatoka. Na kama nyumbani hakukaliki, ndani ya Ngome ya Lamu kuna maktaba. Saa ambayo mtu ametoka nyumbani kwa ajili yake huiheshimu zaidi.

Mwalimu wa Langoni anarudi:

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimeyasoma majibu yote kwa utulivu, na kuna mambo ambayo nimekwisha kuyaanza. Faili la sura ya kwanza nimelitoa kwenye kompyuta nikalihifadhi katika kifaa kilicho kabatini shuleni. Wazo la Bint Mkomani nimelijaribu pia, nikasimulia kulazwa kwa mkuku kwa sauti, na nilichokisikia nilipokicheza kilikuwa na mpangilio mzuri kuliko chochote nilichowahi kukiandika kuhusu sura hiyo. Dada, nakushukuru sana. Msomaji wa Alhamisi nimempata, naye ni mjukuu wa mmoja wa mafundi, anayesoma chuo cha ualimu.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitaja mwanzoni. Rekodi zangu ni nyingi na ndefu, na nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba nitazinakili zote neno kwa neno kabla ya kuandika sura zinazozitegemea. Mwana wa Shela ameeleza namna ya kupima swali. Je, rekodi nazipimaje? Naogopa nikiacha kuzinakili zote nitapoteza jambo la thamani, na nikizinakili zote nahisi ndiyo sura ya kwanza imerudi kwa sura nyingine.

Mhariri wa Malindi anajibu:

Mwalimu, hisia yako ya mwisho ni sahihi. Kunakili rekodi neno kwa neno huchukua muda mrefu mara kadhaa kuliko rekodi yenyewe, na kazi hiyo ina ladha ya uandishi kiasi kwamba mtu anaweza kujificha ndani yake kwa miezi bila kushuku chochote.

Sikiliza kila rekodi mara moja tu, daftari likiwa wazi na simu ikiwa inaonyesha dakika. Kila mada inapobadilika andika dakika yake na mstari mmoja wa maelezo, kama vile «dakika ya 14, kuchagua mti wa mkuku» au «dakika ya 31, ugomvi kuhusu bei ya misumari». Usisimamishe rekodi isipokuwa umepitwa kabisa. Mwishoni utakuwa na faharasa ya ukurasa mmoja kwa kila mazungumzo, na jambo la thamani halitapotea, kwa sababu utajua liko wapi. Unaponakili neno kwa neno, nakili tu vile vipande ambavyo sura unayoiandika inavihitaji, na uviandike kwa Kiamu (lahaja ya Lamu) cha fundi mwenyewe kama alivyotamka, usimsanifishie maneno yake. Juu ya kila ukurasa weka tarehe, mahali, jina la msemaji na kama alikuruhusu kulitaja jina hilo kitabuni. Hilo ukilichelewesha, baadaye huenda usipate wa kumuuliza. Nakala ya rekodi zote iwe pia mahali pengine mbali na simu, leo kama inawezekana, maana simu huanguka baharini.

Anza na rekodi ya fundi aliyezungumzia mkuku, kwa kuwa sura ya tatu ndiyo iliyo mezani. Zilizobaki zisubiri sura zao.